Kaunti Zetu Ziwape Watoto Viziwi Lugha Kabla ya Shule ya Bweni

Mtoto kiziwi wa Bungoma mara nyingi huzaliwa katika nyumba iliyojaa maneno. Kuna Kibukusu cha kukhu (bibi yake), Kiswahili cha redio, Kiingereza cha kaka zake wanaotoka shule, na mazungumzo ya majirani uani. Yote yanampita. Hulishwa, huvishwa, huchanjwa na hupendwa, lakini hukua bila lugha hata moja. Wengi wao hukutana na lugha yao ya kwanza siku wanapopelekwa shule ya bweni, wakiwa na miaka saba, minane, wengine kumi na zaidi.

Mimi ni mkunga mstaafu. Sehemu kubwa ya maisha yangu nimewazalisha kina mama katika vituo vya afya vya Bungoma na Trans Nzoia, na watoto hao nawajua tangu siku yao ya kwanza duniani. Umri unaoamua kama mtoto kiziwi atapata lugha kamili ni miaka mitano ya mwanzo. Miaka hiyo Katiba ya 2010 imeiweka mikononi mwa serikali za kaunti: Jedwali la Nne linazikabidhi huduma za afya mashinani pamoja na elimu ya chekechea. Zahanati anakochanjwa mtoto iko chini ya gavana. Chekechea anakopaswa kuanzia masomo iko chini ya gavana pia. Basi deni hili lina mwenyewe, na mwenyewe hakai Nairobi.

Mwezi wa Juni nilimsindikiza dada yangu mkubwa kumtembelea mjukuu wake katika shule ya viziwi mjini Kitale. Matatu ilitupitisha Webuye, Misikhu, Kamukuywa na Kiminini, mahindi yakiwa yamefika kiunoni pande zote za barabara na Mlima Elgon ukiwa kushoto kwetu. Dada alikuwa amebeba chapati, kuku wa kukaanga na ndizi. Alikuwa pia amebeba wasiwasi wake wa kila safari: atakaa na mjukuu wake mchana kutwa, atamtazama akila, kisha atarudi nyumbani bila kujua mtoto anaendeleaje.

Watu hudhani shule ya viziwi ni mahali pa kimya. Shule ile ilikuwa na kelele kuliko shule nyingi ninazozijua. Viti viliburutwa, sahani ziligongana, watoto walicheka kwa sauti zao zote kwa sababu hakuna anayejizuia kwa ajili ya masikio ya mwenzake. Kilichotulia ni macho. Mtoto wa shule ile akizungumza na wewe anakutazama usoni moja kwa moja, haangalii dirisha wala viatu vyake, na anakutaka nawe umtazame vivyo hivyo.

Hapo ndipo nilipoanza kuelewa jambo lililoisumbua familia yetu. Sisi Wabukusu tunamlea mtoto ainamishe macho mbele ya mkubwa. Mjukuu wa dada yangu akija likizo huwakazia wazee macho, na shangazi zake husema shule imemharibu, hana adabu. Lakini kiziwi akiinamisha macho amefunga masikio yake. Kumtazama mtu usoni ndiko kumsikiliza, na kumgeuzia uso anapozungumza ndiyo dharau. Mtoto yule ana adabu kamili, ila ni adabu ya jamii ambayo sisi hatujaijua, na hakuna aliyetueleza kwamba ipo.

Ipo, na ina taratibu zake. Darasani madawati hupangwa kwa umbo la nusu duara, kwa sababu mwanafunzi aliyekaa nyuma ya mwenzake hawezi kusikika. Mwalimu hasimami mgongo ukiwa dirishani, maana mwanga wa nyuma humtia giza usoni na mikononi. Anayetaka kusikilizwa hupunga mkono, humgusa mwenzake begani, hukanyaga sakafu kwa mguu ili mtikisiko ufike, au huizima na kuiwasha taa. Ukiwakuta wawili wanazungumza njiani, unapita katikati yao upesi bila kusimama kuomba radhi, kwa kuwa ukisimama umeyakata mazungumzo. Pongezi hutolewa kwa mikono iliyoinuliwa juu na kutikiswa, ukumbi mzima ukichezesha vidole. Na umeme ukipotea usiku, kama unavyopotea mara kwa mara huku kwetu, mazungumzo yote ya bweni hukoma papo hapo. Matroni alitueleza kuwa tochi ndiyo mali ambayo watoto wale huitunza kuliko sanduku.

Kabla ya chakula tulikusanyika kwenye mlingoti wa bendera. Wanafunzi waliuimba Wimbo wa Taifa kwa mikono, kwa mwendo mmoja, na mikono ikishuka pamoja mwishoni. Kisha msichana wa Gredi ya 6 akatoka mbele kusimulia kisa cha ng'ombe aliyevunja ua na kuingia katika shamba la sukuma wiki la shule. Ndani ya dakika chache alikuwa ng'ombe anayetafuna huku akiangalia pembeni, akawa mlinzi anayeamka usingizini akitafuta kiatu, akawa mpishi anayekuja mbio na mwiko. Kila mhusika alikuwa na mabega yake, macho yake na upande wake wa kutazama, na hakuna mtoto aliyechanganyikiwa nani anasema nini. Nimewasikia watambaji hodari wa hadithi katika maisha yangu, na yule msichana ni mmoja wao. Mimi nisiyejua lugha yake nilifuata kisa nusu, wenzake wakakifuata chote, na kicheko chao kilifika sehemu ambazo sikuziona.

Nusu niliyoikosa ndiyo sarufi. Lugha ya Ishara ya Kenya si Kiswahili wala Kiingereza kilichotiwa mikononi. Ina mpangilio wake wa sentensi, na nyusi, midomo na kichwa hubeba kazi ambayo sisi tunaifanya kwa sauti kupanda na kushuka. Swali linaweza kuwa katika nyusi tu, na kukanusha kukawa katika kichwa. Mtu anayetia ishara huku uso wake umeganda anasikika kama anayesoma orodha ya bidhaa dukani.

Mwalimu aliyetupokea ni kiziwi mwenyewe, tangu homa ya uti wa mgongo ilipomshika utotoni. Mwenzake anayesikia alitutafsiria. Jambo la kwanza alilotuuliza ni kama tunalijua jina la mvulana wetu. Dada akalitaja jina la ubatizo, akaongeza na la ukoo. Mwalimu akatikisa kichwa kwa upole, akagusa nyusi yake ya kushoto kwa kidole na kukikata kidole kuelekea nje. Hilo ndilo jina lake, akasema, kwa sababu ya kovu alilo nalo hapo. Jina la ishara hupewa mtu na viziwi wenzake, hajichagulii, na mara nyingi hutokana na kitu kinachoonekana mwilini au katika tabia. Mvulana yule ameitwa kwa sauti tangu kuzaliwa na hajawahi kulisikia jina lake. Jina analolijua kuwa lake alilipata Kitale, akiwa na miaka minane.

Kisha mwalimu akatueleza hali aliyokuja nayo. "Mama, alipofika hapa alikuwa na ishara chache za kwenu," alisema. "Kula, kulala, ng'ombe, choo, na kuchapwa. Hakujua umri wake. Hakujua kwamba kuna jana na kesho." Yaliyofuata dada yangu hakuyatarajia. Shemeji yangu, babu wa mvulana, alifariki mtoto akiwa na miaka sita. Mtoto alikuwepo mazishini. Aliliona jeneza likishushwa, aliwaona watu wakilia, akala chakula cha matanga pamoja na binamu zake. Hakuna aliyemweleza kilichotokea, kwa kuwa hakuna aliyekuwa na lugha ya kumwelezea. Katika mwaka wake wa pili shuleni, darasa lilipokuwa likijifunza kuhusu familia, aliuliza babu yake alisafiri kwenda wapi na atarudi lini. Ni mwalimu huyo kiziwi aliyemfahamisha kifo ni nini, zaidi ya miaka mitatu baada ya kaburi kufunikwa.

Watu wakisema mtoto kiziwi "anaelewa tu" kwa sababu anachota maji akionyeshwa ndoo na anaacha mchezo akionyeshwa kiboko, nakumbuka swali hilo. Ndoo na kiboko havihitaji lugha. Kifo, ahadi, sababu, mwaka ujao na Mungu vinaihitaji. Mtoto aliyekosa lugha amekosa hivyo vyote, hata kama akili yake ni kali na tumbo lake limeshiba.

Tulimuuliza mwalimu ni nani aliyemfundisha mvulana huyo lugha. Hakujitaja. Alisema ni wavulana wakubwa wa bwenini, jioni baada ya chakula, wakimsahihisha na kumcheka na kumrudia tena mpaka akashika. Ndivyo lugha hii inavyorithishwa. Viziwi walio wengi mno huzaliwa na wazazi wanaosikia, kwa hivyo mtoto hairithi lugha kwa mama yake, hairithi kwa bibi, huirithi kwa mtoto mwenziwe aliyemtangulia shuleni kwa miaka michache. Huko Nicaragua, shule za viziwi zilipofunguliwa Managua mwishoni mwa miaka ya 1970 na watoto wakakusanywa kwa mara ya kwanza, walijiundia wenyewe lugha kamili uwanjani na ndani ya mabasi, na wataalamu wa isimu wakaishuhudia ikizaliwa. Watoto wanahitaji wenzao tu, lugha wataiunda wenyewe. Lakini mtoto wa kijijini Sirisia aliye kiziwi peke yake katika boma lote hana wenzake. Anawangoja mpaka bweni.

Kungoja huku kuna historia. Chama cha Watoto Viziwi nchini Kenya kiliundwa mwaka 1958, na kufikia 1961 shule zilikuwa zimefunguliwa Mumias, jirani na Bungoma, na Nyang'oma kule Bondo. Zilikuwa shule za huruma na kazi kubwa, ila zilifuata mtindo uliotawala dunia wakati huo. Mwaka 1880 mkutano wa walimu wa viziwi uliofanyika Milan, Italia, uliazimia kwamba mtoto kiziwi afundishwe kutamka kwa mdomo na kusoma midomo ya wengine, na ishara ziondolewe darasani. Waliopiga kura karibu wote walikuwa watu wanaosikia. Kwa vizazi kadhaa watoto duniani kote, na Kenya pia, walichapwa mikono kwa kosa la kuzungumza. Ilipofika 2010 mkutano wa aina hiyo hiyo, uliofanyika Vancouver, Kanada, uliyakataa rasmi maazimio ya Milan na kueleza majuto. Miaka 130 ilikuwa imepita.

Lugha haikufa. Ilijificha bwenini, ikakua huko. Mwaka 1991 Chuo Kikuu cha Nairobi kilianzisha mradi wa utafiti wa Lugha ya Ishara ya Kenya, na marehemu Profesa Okoth Okombo, mwanaisimu aliyekuwa anasikia, akaitumia heshima yake ya kitaaluma kuthibitisha kwamba hii ni lugha kama lugha nyingine yoyote. Viziwi wenyewe walikuwa wamekwisha kuunda chama chao cha kitaifa katika miaka ya 1980. Katiba ya 2010 ikavuna matunda ya kazi hiyo: kifungu cha 7 kinaiagiza serikali kuikuza lugha hiyo, kifungu cha 54 kinampa mtu mwenye ulemavu haki ya kuitumia, na kifungu cha 120 kinaitaja pamoja na Kiswahili na Kiingereza kuwa lugha rasmi ya Bunge. Leo mwanafunzi kiziwi hufanya mtihani wa Lugha ya Ishara ya Kenya pale mwenzake anayesikia anapofanya Kiswahili. Kwenye karatasi, nchi chache za Afrika zimefika tulipofika.

Shida ni kwamba heshima hiyo yote inamfikia mtoto akiwa amechelewa. Sensa ya 2019 ilipata zaidi ya watu 153,000 wenye tatizo la kusikia nchini. Takwimu hizo zinaanzia umri wa miaka 5. Walio chini ya hapo, wale hasa ambao ubongo wao uko wazi kupokea lugha, hawamo hata katika hesabu. Katika vituo nilivyofanyia kazi, mtoto aliletwa kila alipofikisha umri wa chanjo. Alipimwa uzito, akapewa matone ya polio, akachomwa sindano ya ukambi, mama akafundishwa kunyonyesha. Mtoto yuleyule akarudi tena na tena mbele ya macho ya wataalamu, na masikio yake hayakuwa na safu katika orodha ya kazi ya siku. Uziwi mwingi huku kwetu hutokana na mambo yanayopitia mikononi mwa wahudumu hao hao wa afya: homa ya uti wa mgongo, malaria kali, ukambi, usaha wa masikio usiotibiwa, na baadhi ya dawa kali za sindano. Mtoto aliyepona homa ya uti wa mgongo anapaswa kupimwa masikio kabla ya kutoka wodini. Mara nyingi mama hugundua mwenyewe nyumbani, baada ya miezi kadhaa, sufuria inapoanguka na mtoto asigeuke.

Kutoka Kitale nilitaka kujua hali ikoje Bungoma. Nilitembelea kitengo cha viziwi kilichomo ndani ya shule ya msingi ya kawaida. Mwalimu mmoja alikuwa na watoto wa umri wa chekechea pamoja na wavulana walioota ndevu, wote chumba kimoja, wengine wakiwa ndio kwanza wanaanza kujifunza majina ya rangi. Nilichokipenda pale kilikuwa nje, wakati wa mapumziko. Watoto wanaosikia waliocheza mpira nao walikuwa wameshaokota ishara za kutosha kugombana, kutaniana na kubishana kuhusu penalti. Hakuna aliyewafundisha, na hawakutumwa semina yoyote. Watu wazima wa shule hiyo, ukimtoa mwalimu wa kitengo, walikuwa bado wanawaita viziwi kwa kupiga mbinja.

Karibu na Kanduyi nilizungumza na kijana kiziwi, fundi wa kuchomelea vyuma, rafiki yake akitutafsiria. Alipashwa tohara mwezi wa Agosti wa mwaka mmoja shufwa, kama ilivyo desturi ya Wabukusu. Alizigonga chinyimba, kengele za chuma za tohara, akazunguka kwa jamaa kuwaalika, na alisema aliupenda mtikisiko wa vyuma ule ukipanda mikononi. Alikwenda kwa mjomba wake akapokea haki yake. Alisimama imara mbele ya mpashaji. Nyimbo aliziona midomoni mwa watu. Kisha ukafika wakati wa wazee kumpa mawaidha: aishije na watu, aheshimu nini, aogope nini, mwanamume ni nani. Wazee walisema kirefu, mmoja baada ya mwingine. Yeye alisimama akitazama midomo ikifunguka na kufungwa. Kisu kilimfikia, mawaidha hayakumfikia. Hakusema kwa uchungu. Alisema tu kwamba hadi leo huwauliza wenzake wazee walisema nini siku ile, nao humjibu kwamba ni mambo ya kawaida.

Nami nimeona hasara ya namna hiyo wodini. Nimemwona mama kiziwi aliyekuja kujifungua akipewa majibu ya kipimo cha damu kupitia kwa mama mkwe wake, kwa kuwa ndiye aliyekuwa na ishara za nyumbani. Siri ya mwili wake ilipitia mdomoni mwa mtu ambaye pengine ndiye wa mwisho ambaye angependa aijue. Nimewaona wauguzi wazuri, wenye huruma, wakimpigia kelele mama asiyesikia asukume, huku nyuso zao zimefunikwa barakoa. Mkalimani mmoja katika hospitali ya kaunti ndogo angeyamaliza hayo yote.

Wapo watakaoniambia kwamba dawa ni vifaa vya masikio. Vifaa hivyo vina faida, na mtoto anayesaidika navyo apewe mapema. Lakini si kila uziwi husaidika navyo, betri hununuliwa, vipuri hutafutwa mbali, na upasuaji wa kupandikiza kifaa ndani ya sikio uko nje ya uwezo wa karibu kila mkulima ninayemjua Kiminini au Chwele. Hata aliyefanikiwa kuupata huhitaji mafunzo ya miaka. Lugha ya ishara haihitaji betri, na kumfundisha mtoto ishara hakumzuii kujifunza kutamka. Anayejua lugha moja vizuri huiongeza ya pili kwa urahisi. Asiye na lugha yoyote hana pa kuiegemeza.

Wengine watasema watoto hawa wachanganywe na wenzao katika shule za karibu, wasipelekwe mbali na nyumbani. Nauelewa uchungu wa kumpeleka mtoto mdogo bwenini. Hata hivyo kumweka mtoto kiziwi mmoja katikati ya darasa la watoto hamsini wanaosikia, pasipo mtu hata mmoja anayejua lugha yake, ni kumrudisha katika upweke wa nyumbani na kumvisha sare. Kuchanganywa kunafaa pale lugha inapotangulia.

Na wapo watakaosema fedha hakuna. Kaunti zetu huajiri walimu wa chekechea kila mara, na zinajua kulipa mishahara hiyo. Wakati huohuo Bungoma na Trans Nzoia zina vijana viziwi waliomaliza shule, wenye lugha safi, wanaokaa nyumbani bila kazi kwa sababu mwajiri anaogopa kuwahoji. Hao ndio utajiri tulio nao. Andrew Foster, Mmarekani mweusi aliyekuwa kiziwi, alikuja Ghana akafungua shule ya viziwi Accra mwaka 1957, na kufikia kifo chake katika ajali ya ndege nchini Rwanda mwaka 1987 alikuwa amesaidia kuanzisha shule zaidi ya 30 barani Afrika. Hakungoja watu wanaosikia waiamini akili ya kiziwi. Mtoto kiziwi anayemwona mtu mzima kiziwi anayefundisha, anayelipwa mshahara, mwenye nyumba na watoto, anajua kwamba naye atakua awe mtu. Wapo watoto viziwi wanaodhani watapata kusikia wakifika utu uzima, au watakufa kabla, kwa sababu hawajawahi kumwona mkubwa aliye kama wao.

Kwa hivyo naziomba serikali za kaunti zote mbili mambo manne yaliyo ndani ya uwezo wao wa kikatiba. Masikio ya mtoto yaulizwe na kuchunguzwa katika kila ziara ya chanjo, na anayeshukiwa apelekwe mara moja kwenye kituo cha tathmini cha elimu maalum, si aambiwe asubiri huenda atachelewa tu kusema. Kila kaunti ndogo iwe na angalau chekechea moja inayotumia Lugha ya Ishara ya Kenya, na humo aajiriwe mtu mzima kiziwi kumsaidia mwalimu. Wazazi, bibi na ndugu wa watoto hao wafundishwe ishara Jumamosi katika chekechea hiyo, bila malipo, na wafundishwe na viziwi wenyewe. Na kila hospitali ya kaunti ndogo iwe na mkalimani anayejulikana na anayelipwa, ili mama kiziwi ajifungue akijua anaambiwa nini.

Kwa wazazi nina neno la mkunga. Usione haya ya mikono. Anza leo na ishara za nyumbani, kisha mtafute kiziwi mtu mzima aliye karibu nawe, kanisani, sokoni au kwenye karakana, umwalike nyumbani ale na familia na azungumze na mtoto wako. Mtoto akirudi likizo, mwambie akufundishe anayoyajua. Dada yangu ana umri wa miaka sabini na tatu na vidole vyake vina baridi yabisi, na sasa anamuuliza mjukuu wake amelala vipi, amekula nini, na ni nani rafiki yake. Majibu anayapata.

Sheria inazitaka kaunti ziwashirikishe wananchi kabla ya kupitisha bajeti, na mikutano hiyo hufanyika katika wadi zetu wenyewe, katika kumbi za machifu na viwanja vya shule. Nenda. Ukipewa nafasi ya kusema, uliza ni shilingi ngapi zimetengwa kwa ajili ya lugha ya mtoto kiziwi aliye chini ya miaka mitano. Kama jibu ni sufuri, liandikwe katika kumbukumbu za mkutano, na uulize tena mwaka unaofuata. Barabara ikichelewa itajengwa baadaye. Miaka mitano ya kwanza ya mtoto ikipita bila lugha, hakuna bajeti ya baadaye inayoweza kuirudisha.